Mpe Mzee Komba Ile Kofia

Baeza, Hispania

Mama yangu, shikamoo.

Shikamoo hii imevuka bahari na baridi, kwa hiyo ipokee upesi kabla haijaganda. Assalaam alaykum pia kwa wote mliokaa mkekani hapo wakati Salima anasoma. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, masomo yanakwenda. Wewe je, Mama? Usinipe ile sijambo ya mdomoni. Salima anasema chai unaishika mkononi mpaka inapoa, na ugali unamega tonge moja unadai umeshiba. Na ule mguu wa kushoto, bado unauma mvua zikizidi? Ufuta wa bondeni umekubali? Nikifumba macho nauona umechanua, ila sijui kama kweli umechanua au ni hamu yangu tu.

Najua utauliza, mbona huyu asipige simu? Nimepiga mpaka nimechoka. Ukipewa simu unasema, "Haya mwanangu, Mungu akulinde," halafu unamrudishia Salima kama vile inakuunguza. Barua haina kitufe cha kukatia. Nimeiandika kwa mkono, nimeipiga picha, na Salima ataichapisha pale steshenari mjini Nachingwea, akusomee mwanzo mpaka mwisho. Salima, mdogo wangu, usiruke hata mstari. Na pale pa aibu ndipo upaze sauti.

Nina ombi moja tu, na nalitanguliza usije ukasema nimekuzunguka. Eda yako inakaribia kwisha. Siku utakayotoka, nataka Mzee Komba awepo hapo nyumbani.

Usikunje uso. Nakuona hadi huku.

Salima amenisimulia siku ile ya msiba mara nyingi, maana mimi sikuwepo na kila tukiongea namlazimisha aanze upya. Baba kazikwa alasiri, wanaume wamerudi kutoka makaburini, nyinyi wanawake mko ndani mnalia. Mara Mzee Komba huyo anaingia uani. Mngoni yule yule, rafiki wa baba tangu ujana wao walipobeba magunia pamoja ghalani Nachingwea, na mtani wetu sisi Wamwera kama babu zake walivyokuwa watani wa babu zetu. Kavaa kofia ya baba, ile ya kushonwa kwa mkono iliyofifia ukingoni. Kabandika redio ya baba sikioni. Anatembea vile vile, bega moja chini, anakohoa kile kikohozi cha kujitangaza. Akasimama mlangoni akasema, kwa sauti ya baba kabisa, "Mama Zuhura, nimerudi!"

Ukanyanyuka na mwiko. "Toka, Mngoni we! Mume wangu hajarudi!" Ukamvua kofia kichwani mbele ya watu. Mzee wa watu akaondoka, na tangu hapo hajakanyaga kijijini kwetu Chiola. Arobaini ikapita bila mtani. Sasa nasikia umeapa hata siku ya kutoka eda asionekane, na ukishatoka tu utafunga nyumba uhamie Ruangwa kwa mama mdogo, nyumba ya baba ibaki na popo. Na ile kofia umeifungia sandukuni chini ya khanga.

Mama, sikulaumu hata kidogo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mimi nilimfanyia mtu vile vile, tena huku ugenini. Ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa. Lakini acha nianzie mbali kidogo, maana ukiambiwa mwisho peke yake utasema mwanangu baridi imempanda kichwani.

Mji huu unaitwa Baeza. Ni mdogo, unauzunguka kwa miguu na ukirudi chai bado haijachemka. Unakumbuka kampuni ya utalii inayoniajiri kule Arusha imenileta mwaka mzima nijifunze Kihispania, kwa sababu wageni wa lugha hiyo wameongezeka na simba huwezi kumwelezea kwa vidole. Lugha yenyewe, jamani! Wanaisema mbio kama wanafukuzwa na nyuki. Wiki za kwanza nilikuwa naitikia "sí, sí" kwa kila kitu, nikaja kugundua nimekubali kuimba kwaya ya kanisani. Kujitoa huko kulikuwa kazi, wallahi. Lakini sasa nasikia vizuri, na najibu. Mwalimu wetu alishangaa kwamba nawapita Wajerumani wa darasani. Nikamwambia, mwalimu, kwetu mtoto anasema Kimwera na bibi yake, Kimakonde sokoni, Kiswahili shuleni, na bado anachapwa kwa Kiingereza. Hii moja zaidi haiwezi kunishinda.

Napanga chumba kwa wazee wawili, Bi Encarna na mumewe, Mzee Eusebio. Ni wakulima. Huku wanalima mizeituni, Mama, vilima na vilima vya mizeituni imepangwa mistari, hakuna jani la magugu chini, mjomba angeona angelia kwa wivu. Siku yangu ya kwanza nilikuja mezani nimejifunika blanketi mbili. Mzee Eusebio akanitazama, akamuuliza mkewe kama vile mimi sipo, "Tumepangisha chumba au tumenunua godoro?" Bi Encarna akamkemea. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na supu.

Nikamwambia, kwa Kihispania changu cha kuungaunga, kwamba kwetu mtu mwenye mdomo kama huo anaitwa mtani, na kuanzia leo yeye ni Mngoni. Akataka kujua kazi ya mtani ni nini. Nikamweleza. Mtani anakutukana na wewe hukasiriki. Anakamata kuku wako na humshitaki. Na ukifa, anakuja msibani kukucheka. Akaweka kijiko chini. "Hata ukifa?" Nikamwambia, hasa ukifa. Akasema basi nyinyi ndio watu wenye akili, kwa sababu huku watu wakija msibani wanasema pole moja, halafu wanabaki kuangalia viatu vyao. Akaninyooshea mkono juu ya meza: atakayetangulia, mwenzake aje amcheke. Nikampa mkono. Bi Encarna alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Upuuzi mtupu."

Msimu wa kuvuna ulipofika wakanipeleka shambani. Hee! Hawa watu wanapiga miti! Wanatandika nyavu chini, wanachukua fimbo ndefu, wanauchapa mzeituni mpaka unaachia matunda. Nikapiga kelele. Nikawaambia kwetu mkorosho haupigwi, unasubiriwa, korosho inaanguka yenyewe ikiwa tayari, nawe unainama kuokota. Mzee Eusebio akasema, "Miti ya hapa ni Wamwera, haitoi kitu bila fimbo." Nikamjibu, "Na nyinyi Wangoni kila mahali mnafika na rungu, hata kwa miti." Vibarua wote wakacheka, ingawa hakuna aliyejua Mmwera ni nani wala Mngoni ni nani. Nilikuwa na furaha siku hiyo, Mama. Nilitaka jioni nimpigie baba nimsimulie.

Sikuwahi. Kesho yake mchana Salima akanipigia nikiwa darasani.

Wewe unajua huko kulikuwaje. Huku kulikuwa hivi: mpaka nimetoka nje, nimepata ukuta wa kuegemea, nimeelewa ninachoambiwa, baba yangu alikuwa anapelekwa makaburini. Hata ningekuwa na mabawa nisingefika. Nilijifungia chumbani. Bi Encarna alileta supu, akaiweka, akaondoka. Mzee Eusebio alileta kiti, akakaa nje ya mlango wangu mchana wote. Siku ya pili akaniuliza kupitia upenyo wa mlango, "Baba yako alikuwa anakuudhi kwa lipi?"

Nikamwambia habari ya sabuni. Ulikuwa ukimtuma baba sabuni mjini, anatoka asubuhi na baiskeli, anarudi magharibi na habari zote za Nachingwea. Mnada wa korosho umekwendaje, nani kafiwa, nani kaoa, bodaboda gani imeingia mtaroni. Sabuni tu ndiyo hana. "Mama Zuhura, nimerudi!" Na wewe jikoni, bila kuinua kichwa, "Na sabuni iko wapi?" Miaka yote hiyo sikumbuki hata mara moja sabuni imefika siku iliyotumwa. Nikamwonyesha Mzee Eusebio na anavyotembea, na redio inavyokaa sikioni.

Kumbe nimempa silaha. Asubuhi nasikia mlango unafunguliwa. Huyo hapo, bega chini, redio ya jikoni sikioni, kitambaa cha kufutia vyombo kakivaa kichwani eti ndiyo kofia. Akasema kwa lugha yake, "Suhura, nimerudi!"

Mama, nilimrushia ndala. Nikamfukuza kwa Kimwera, kwa sababu hasira zangu hazijajifunza Kihispania. Akatoka. Lakini hakwenda mbali. Nikamsikia pale kwenye ujia anajaribu kukohoa kama baba, anakohoa vibaya, kama mbuzi aliyemeza uzi. Nikavumilia. Akarudia. Nikashindwa, nikasema kwa sauti, "Sivyo!" Nikatoka nikamwonyesha. Nikashusha bega, nikakohoa mimi mwenyewe kikohozi cha baba, na pale katikati ya kukohoa ndipo kilio chenyewe kikatoka, kile ambacho siku mbili nilikuwa nakitafuta. Nililia begani kwa yule mzee mpaka shati lake likalowa. Siku hiyo ndiyo nilikula.

Tangu hapo tukawa na baba mle ndani. Nikitoka darasani, Mzee Eusebio ananiuliza habari zake. Nilipopelekwa na wenzangu Granada, mji wenye majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, ndiye niliyemletea picha. Laiti baba angeyaona! Kuta nzima zimechongwa maandishi, kuanzia chini mpaka juu. Wanafunzi wenzangu walikuwa wanasema mapambo mazuri, mapambo mazuri. Nikasogea. Nikaanza kusoma. Wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, limeandikwa na kuandikwa tena kila ukuta. Mwalimu alinigeukia mdomo wazi, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Chiola, chini ya paa la nyasi, na baba yangu ndiye aliyenifukuza kwa fimbo kunipeleka chuo cha Kurani asubuhi. Nikagusa ukuta kidogo, ingawa wamekataza.

Ikaja Ramadhani. Sasa hapa, Salima, paza sauti. Daktari alikuwa amemkataza Mzee Eusebio soseji, zile za nguruwe zilizokaushwa ambazo huku wanazipenda kuliko watoto wao. Moyo wake ulikuwa mbovu. Bi Encarna akazificha juu ya kabati. Mzee alikuwa anapanda kiti, mtu wa umri ule, anakata kipande, anakula kasimama. Siku moja mkewe akaona soseji imefupika, akauliza jikoni, nani kala? Mzee akaninyooshea kidole mimi! Mimi, Zuhura binti Bakari, mchana wa Ramadhani, kinywa kikavu, nimefunga! "Huyu," anasema, "nimemwona kwa macho yangu." Astaghfirullah. Bi Encarna alimtazama, akanitazama, akaendelea kumenya viazi. Na jioni yake huyo huyo mzee alikataa kula mpaka adhana ilipolia kwenye simu yangu, ili nisifuturu peke yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa mwezi wote.

Siku chache baada ya Idi moyo ukamsimama. Alikuwa bustanini anafunga mizabibu. Bi Encarna ndiye aliyemkuta.

Nikwambie wanavyofanya. Maiti hailali nyumbani. Inapelekwa kwenye jengo maalumu, inawekwa nyuma ya kioo, na nyinyi mnakaa upande wa pili kwenye makochi. Kuna mashine ya kahawa. Watu wanaingia, wanasema neno moja, wanakaa. Kweli wanaangalia viatu. Hakuna anayelia kwa sauti, hakuna dua ya pamoja, hakuna sufuria inayopikwa nje. Na Bi Encarna kakaa mbele ya kioo kama jiwe. Tangu jana hajala, hajanywa, hajasema, hajatoa chozi. Wanambembeleza, hasikii. Nilipomtazama, Mama, nilikuona wewe. Salima alishaniambia unavyokaa, na pale nikajua maana yake.

Nilikuwa nimebeba kofia ya Mzee Eusebio mkobani, ile bapa ya sufu. Nimebeba na fimbo yake ya kutembelea. Nilikuwa nimempa mtu mkono juu ya meza. Lakini niliogopa, usinione hivi. Mwanawe wa kiume, Andrés, amefika kutoka mji wa mbali, mtu mkubwa mwenye suti, hata jina langu hajui. Ningefukuzwa nyumba ya watu na begi langu, katikati ya mwaka wa masomo, na kampuni Arusha ingesemaje? Nikakaa. Nikanyanyuka. Nikakaa tena. Mwisho nikasema, bismillahi, mkono niliutoa mwenyewe.

Nikavaa kofia. Nikashika fimbo. Nikaenda mpaka kwenye kioo nikagonga. "Eusebio! Ee Mngoni! Mwongo mkubwa we! Mimi uliniita godoro kwa sababu ya baridi, leo wewe umelala kwenye friji, nani godoro sasa?" Nikagonga tena. "Ulisema mimi nimekula soseji! Mimi Mwislamu, mchana wa Ramadhani! Haya, watu wako wote hawa hapa, waambie! Nani alikuwa anapanda kiti? Nani alikuwa ananusa kabati kama paka?" Nikaonyesha anavyopanda kiti, anavyokata, anavyofuta kisu kwenye suruali.

Andrés akanyanyuka. Akanishika mkono hapa juu ya kiwiko, kwa nguvu, akasema kwa sauti ya chini, "Toka nje." Nikamtazama Bi Encarna nimwombe radhi.

Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani nimemuua na yeye. Kisha akatoa sauti, kitu kama kukwama, akasema, "Na kwenye buti." Andrés akamuuliza, "Nini, Mama?" Akasema, "Alikuwa anazificha na kwenye buti za mvua. Miaka yote. Anadhani sijui. Mimi ndiye nilikuwa nazinunua." Akacheka, Mama. Akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio katikati, kilio cha sauti, kama chetu, akaegemea kioo akamwita mumewe kwa jina. Andrés akaniachia mkono, akaenda akapiga magoti kwa mama yake akalia naye. Basi yule jirani wa pembeni akasema, "Mimi aliwahi kuniuzia mbwa wangu mwenyewe." Mwingine akadakia na lake. Watu wakaacha viatu vyao.

Na mimi mjinga, nilivyozoea ya kwetu, nikakaa sakafuni mlangoni nikanyoosha mkono. Mtani haondoki bure, si unajua. Wakanishangaa, wakadhani nimeanguka. Ilibidi nieleze. Bi Encarna akajifuta uso akasema, "Kofia umeshaivaa. Chukua hiyo." Ninayo kichwani ninapoandika hapa, maana baridi bado ipo asubuhi. Jioni ile alikula mkate na mayai mawili, akaniomba nimfanyie tena ile ya kupanda kiti.

Sasa narudi kwako.

Siwezi kumtania baba, Mama. Mtoto hamtanii mzazi wake, na mke hamtanii mumewe msibani. Salima hawezi, mjomba hawezi. Tunaweza kulia tu, na kilio tumekifanya. Kazi ile nyingine ina mwenyewe, naye ulimtoa na mwiko. Hukukosea kuumia. Alipiga pale pale penye kidonda, na alikusudia, ndiyo kazi aliyorithi. Naye kafiwa, Mama. Mwenzake wa ghalani kaondoka, hajapewa nafasi hata ya kumaliza kumcheka. Salima kamwona sokoni Nachingwea, anasema mzee kakonda, hamtanii mtu yeyote siku hizi, hata wauza samaki wanamuuliza anaumwa nini.

Na mimi nina langu. Sikumsikia baba mara ya mwisho. Simu ya mwisho mtandao ulikuwa mbaya, nikasikia "Zuhura" na kelele, nikasema nitapiga kesho. Sauti ya baba sasa iko mahali pamoja tu duniani, kwenye koo la Mzee Komba. Nikikohoa mimi kinatoka kikohozi cha kike. Naomba usinizibie hapo.

Kwa hiyo siku ile fungua sanduku. Mpe Mzee Komba ile kofia. Salima ataweka simu kizingitini, na mimi nitakuwa jikoni na Bi Encarna, ambaye amesema naye atasikiliza ingawa hataelewa neno. Atakohoa, atasema, "Mama Zuhura, nimerudi." Mwiko uache jikoni. Ukitaka kulia lia, nitalia na wewe huku. Ila kwanza mjibu kama ulivyokuwa ukimjibu baba. Ya Ruangwa na kufunga nyumba tutayaongea baada ya hapo, na ukiamua kwenda sitakuzuia.

Nisalimie mjomba, kaka yako, mwambie habari ya kupiga miti ni kweli na asiijaribu kwenye mikorosho. Nisalimie shangazi wa Chunyu, dada wa baba, najua naye ana majonzi yake na hakuna anayemuuliza. Mwalimu wa chuoni mwambie kuta za Granada zimesomwa bila kukosea hata herufi. Yule jirani yetu wa vitumbua, ambaye Salima anasema kila asubuhi anakuletea viwili na wewe unawapa kuku, mwombe radhi kwa niaba ya kuku. Salima, nakubusu, umebeba mzigo wa wawili na mimi najua.

Na Mzee Komba nipelekee salamu leo hii hii, usingoje siku ya eda. Mwambie binti wa Mmwera anamwita nyumbani, komba we wa porini, ashuke mtini. Kofia anaikuta. Redio inamngoja. Ila apitie mjini kwanza, azunguke mpaka magharibi akusanye habari zote, na ole wake aje na sabuni.

Mwanao akupendaye,
Zuhura